Kompyuta umeipa mfumo mwepesi, mbona bado inatambaa?

Na Mwandishi Wetu

WASWAHILI wana msemo wao: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi mgeni anayekaribishwa kwa shangwe katika kompyuta kuukuu za mjini ni mfumo endeshi mwepesi. Anakuja ndani ya flashi, hadai kodi wala leseni, na mafundi wanamsifia kama bwana harusi. Wiki ya kwanza ni nderemo na vifijo. Wiki ya tatu mwenyeji yuko vile vile, hoi bin taaban, unabonyeza leo anaitika kesho!

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mwenye kompyuta anasema fundi kamtapeli. Fundi naye anajibu, "Dada yangu, hii mashine imezeeka, tafuta nyingine." Baba mwenye nyumba akisikia habari ya "nyingine" anaanza kukunja uso, maana ada za shule bado hajamaliza.

Mara nyingi hapo hakuna tapeli wala mzee. Kilichokosekana ni kipimo. Mgonjwa kadungwa sindano kabla ya kupimwa, na sindano yenyewe huenda haikuwa ya ugonjwa wake. Wiki hii tutapima wenyewe, taratibu, hatua kwa hatua, kabla hujatoa hata shilingi mfukoni.

MGENI HUYU KATOKA WAPI?

Windows 10, ambayo wengi wetu tuliizoea, ilitoka Julai 2015 na ikaacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba, 2025. Ndugu yake, Windows 11, ana masharti kama mkwe wa kitajiri. Anataka RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel basi iwe ya kizazi cha nane au baada ya hapo, ukiacha chache mno. Kompyuta nyingi za mtumba zilizo majumbani na katika steshenari zetu ni za kabla ya hapo. Ndiyo maana watu wamekimbilia Linux.

Linux yenyewe si kitu cha jana. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaanzisha Ubuntu, jina ambalo sisi Waswahili hatuhitaji mkalimani kulielewa, kwani ubuntu ni utu. Kutokana na Ubuntu wakazaliwa wadogo zake, Lubuntu na Xubuntu, waliopunguzwa uzito. Kuna pia Linux Mint yenye sura ya Xfce, na Puppy Linux iliyoanzia Australia mwaka 2003, ambayo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kujipakia yote ndani ya RAM.

Sasa neno "mwepesi" ndilo linalowachanganya watu. Kilichopunguzwa uzito ni ule uso wa kompyuta unaouona, yaani madirisha, menyu, mapambo na vitu vinavyojiwasha vyenyewe. Lubuntu ikiwaka bila kufunguliwa chochote hutumia RAM chini ya GB 1. Windows 10 katika hali hiyo hiyo inaweza kula GB 2. Kwa hiyo mwenye RAM ya GB 4 amepata kama GB 1 ya ziada. Ni nafuu kubwa, hakuna ubishi.

Lakini ukifungua kivinjari, kurasa za intaneti hazijui kwamba umehamia kwa mwepesi. Ukurasa mmoja wenye video na matangazo unaweza kula mamia ya MB peke yake. Fungua kumi na tano kama wanavyofanya wengi, ile GB 1 uliyookoa imekwenda na maji. Umehama nyumba ukaacha makabati, lakini wajukuu, mashemeji na mabinamu wote umekuja nao!

WEZI WATATU

Anayeiba mwendo wa kompyuta huwa mmoja kati ya watatu: RAM kuwa ndogo, diski kuwa ya pole, au joto. Kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya huyu haimponyi yule.

Tuchukue mfano wa dada mwenye steshenari jirani na chuo. Msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi umefika, foleni imetoka nje ya mlango, na siku ya mwisho ni kesho. Kompyuta yake ni ya mtumba, RAM GB 4, diski ya kuzunguka, na ina Lubuntu. Kila fomu inachukua dakika tatu kufunguka. Wateja wawili wameshahamia duka la ng'ambo ya barabara. Kwake yeye kila dakika ya kompyuta kuganda ni noti inayotoka mlangoni.

Akimsikiliza jirani ataongeza RAM. Akimsikiliza fundi atabadili diski. Akimsikiliza shemeji atabadili mfumo tena. Yeye asimsikilize yeyote, apime kwanza.

KIPIMO CHA KWANZA: RAM

Fungua kazi zako za kawaida kama siku zote, subiri mpaka kompyuta ianze kuzubaa, halafu bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Kitatokea kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Usiogope, hakiumi. Andika free -h kisha bonyeza Enter.

Itatokea mistari miwili ya namba. Katika mstari wa kwanza wengi hukimbilia safu iliyoandikwa "free", wakikuta namba ndogo wanapiga yowe. La hasha! Linux haipendi RAM ikae bure, kwa hiyo huijaza mafaili yaliyotumika karibuni ili yakiitwa tena yaje haraka, na huyatoa mara moja nafasi ikihitajika. Safu ya kutazama ni ile ya mwisho, "available". Hiyo ndiyo akiba halisi.

Kisha tazama mstari wa pili, ulioandikwa Swap. Hii ni sehemu ya diski inayotumika kama godauni la RAM. RAM ikijaa, mfumo huhamisha baadhi ya vitu kwenda huko. Kama "available" imebaki MB mia moja au mbili tu, na Swap iliyotumika imefika GB nzima huku ikizidi kupanda, mwizi wa kwanza umemkamata. RAM haitoshi kwa kazi unazoipa. Na kwa kuwa diski ya kuzunguka huitika polepole kuliko RAM kwa zaidi ya mara 10,000, kila safari ya godauni unaihisi kwenye kidole.

KIPIMO CHA PILI: DISKI

Katika kidirisha kile kile andika top. Juu utaona mstari wa prosesa wenye namba kadhaa, mojawapo ikiwa na herufi wa. Hiyo inaonyesha ni kiasi gani cha muda prosesa imekaa bure ikisubiri diski. Kompyuta ikiwa imeganda huku wa inasoma 30, 40 au zaidi kwa muda mrefu, basi prosesa yako si mvivu. Ni kama mpishi aliyekaa na mwiko mkononi akimsubiri kijana aliyetumwa sokoni.

Hapa uwe makini. Wezi hawa wawili huvaa shati moja. RAM ikijaa, mfumo unakimbilia diski, na wa inapanda vile vile. Ndiyo sababu tulianza na RAM. Kama "available" ni kubwa, Swap haijaguswa, na bado wa iko juu, hapo mwenye kosa ni diski yenyewe.

Diski ya kuzunguka ina sahani zinazokwenda, kwa laptopu nyingi, mizunguko 5,400 kwa dakika, na sindano inayohama huku na huko kutafuta data. Ikitumwa kukusanya vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika, huweza kama mia moja hivi kwa sekunde. Diski ya SSD haina kinachozunguka, na kazi hiyo hiyo huifanya kwa maelfu.

Zaidi ya upole, diski inaweza kuwa inakufa. Dalili zake ni sauti ya kugonga-gonga, mafaili yanayokataa kufunguka, na kuganda kwa ghafla hata ukiwa hufanyi kitu. Mwambie fundi asome taarifa ya afya ya diski kwa programu ya smartctl. Akikuta sehemu mbovu zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa zinaongezeka, achana na habari ya mwendo. Nakili vitu vyako kwanza! Picha za harusi, tasnifu ya mtoto, daftari la wadeni, vyote viende kwenye diski nyingine siku hiyo hiyo. Wapo waliopeleka kompyuta kwa fundi "ipigwe upya iwe nyepesi," ikarudi nyepesi kweli, haina hata picha moja ya marehemu baba.

KIPIMO CHA TATU: JOTO

Huyu hahitaji amri yoyote. Washa asubuhi, inakimbia. Baada ya nusu saa inaanza kutambaa, feni inalia kama mashine ya kusaga, na ukiweka kiganja chini unakiondoa haraka. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Vumbi letu la kiangazi likishaziba tundu la hewa, na ile dawa ya kupozea iliyo juu ya prosesa ikishakauka, hata ungeweka mfumo mwepesi kuliko unyoya utapata kazi bure.

Mwangalie pia binamu yake joto, yaani chaja. Baadhi ya laptopu zikichomekwa chaja zisiyoitambua, ama yenye nguvu ndogo, hupunguza mwendo wa prosesa kimya kimya. Ukiona mashine ilianza uzembe tangu siku uliyonunua chaja ya barabarani, jaribu chaja nyingine kabla ya kumtuhumu mtu.

DAWA ZA BURE KWANZA

Umeshamjua mwizi. Sasa kabla ya kwenda dukani, yapo ya kufanya bila gharama.

Kwa mwenye shida ya RAM, anza na kivinjari. Ukiwa ndani ya Firefox, mahali pa kuandikia anwani andika about:processes, utaona kila ukurasa na kiasi unachokula. Fukuza wale wakubwa wasio na kazi. Weka kizuia matangazo kimoja cha kuaminika, mfano uBlock Origin, kwani matangazo nayo yanakula RAM na prosesa. Ondoa nyongeza nyingine zote usizozikumbuka uliziweka lini. Video itazame kwa ukubwa wa 480 badala ya 1080, kwenye kioo kidogo tofauti utaisahau baada ya dakika mbili. Na usifungue vivinjari viwili kwa wakati mmoja. Ni kuwa na wake wawili katika chumba kimoja!

Pili, kuna kitu kinaitwa zram. Badala ya kuhamisha vitu kwenda diskini RAM inapojaa, zram huvibana vikae humo humo kwenye RAM, kama mama anavyobana nguo za msimu wa baridi zikaenea kwenye sanduku moja. Prosesa itafanya kazi kidogo zaidi ya kubana na kufungua, lakini hiyo ni afadhali mara mia kuliko safari za diski ya kuzunguka. Fundi yeyote anayeijua Linux huiweka kwa muda mfupi. Kwa mwenye GB 2 au 4, hii ndiyo dawa ya bure yenye nguvu kuliko zote.

Tatu, tazama vinavyojiwasha vyenyewe. Katika mipangilio ya Lubuntu kuna orodha ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta. Kama huna kifaa cha Bluetooth, ya nini iamke kila asubuhi?

Nne, diski isijae pomoni. Andika df -h uone. Ikiwa imefika asilimia 90 na kuendelea, futa. Amri ya sudo apt clean huondoa mafurushi ya programu yaliyopakuliwa na kusahauliwa, na sudo apt autoremove huondoa mabaki yasiyotumika tena. Video za sendoff zihamishie diski ya nje.

Na kama malalamiko yako ni kwamba Firefox inachukua muda mrefu inapofunguliwa kwa mara ya kwanza tu baada ya kuwasha, basi fahamu kwamba Lubuntu, tangu toleo la 22.04, huileta ikiwa imefungwa katika furushi la snap, na furushi hilo hufunguliwa kwanza. Tangu Januari 2024 Mozilla wenyewe wanatoa furushi la kawaida kwa familia ya Ubuntu. Fundi anaweza kukubadilishia, na ukaona tofauti.

SASA MFUKONI

Ikiwa dawa za bure hazikutosha, fuata matokeo ya kipimo, usifuate mtangazaji wa duka.

Mwenye joto asafishiwe vumbi na kuwekewa dawa mpya ya kupozea. Ni kazi ya bei ndogo, na bila hiyo vifaa vipya havitasaidia.

Mwenye diski ya kuzunguka aweke SSD, hata ndogo ya GB 120 au 240. Kwa kompyuta kuukuu, hakuna badiliko linaloonekana haraka kama hili. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika mbili huweza kuwaka kwa sekunde ishirini au thelathini. Ile diski ya zamani, kama bado ni nzima, itawekwa kwenye kasha la USB iwe ya akiba.

Mwenye RAM ya GB 2 aongeze ifike 4, na wa 4 afike 8. Lakini kabla ya kununua, jua aina. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Kuna DDR3 ya volti 1.5 na DDR3L ya 1.35, na laptopu fulani hukubali ya pili tu. Nyingine RAM yake imechomelewa moja kwa moja, haiongezeki. Mwambie fundi, "Kaka, kabla hujafungua, niambie inakubali ipi na mwisho wake GB ngapi." Fundi mzuri hatachukia swali hilo. Ukiona amekasirika, chukua kompyuta yako uende zako.

Halafu kuna bandia. Zipo flashi na SSD zilizoandikwa ukubwa mkubwa kumbe ndani ni kidogo, na zikishajaa kile kidogo zinafuta ya kwanza kimya kimya. Ndani ya Linux kuna programu ya bure iitwayo f3 inayojaza diski na kuisoma tena kuthibitisha. Ijaribu ingali mpya, kabla hujaikabidhi picha za familia.

USITARAJIE MIUJIZA

Tuambizane ukweli. Kompyuta yenye RAM GB 2 na prosesa ya mwaka 2008, hata uifanyeje, haitafanya mkutano wa video huku kurasa ishirini zikiwa wazi. Itaandika barua, itapiga hesabu za duka, itachapa na kucheza muziki. Hiyo nayo ni kazi.

Kama ni ya biti 32, uangalifu zaidi. Lubuntu haijatoa toleo jipya la mashine hizo tangu mwaka 2019. Usikubali kuwekewa toleo la zamani lisilopata tena marekebisho ya usalama eti kwa sababu "ni jepesi," halafu humo humo unaingilia akaunti ya benki. Hata matoleo ya muda mrefu ya Lubuntu huhudumiwa miaka mitatu tu, kwa hiyo la 24.04 mwisho wake ni Aprili 2027. Andika tarehe hiyo ukutani.

Na kuitupa? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za elektroniki ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Baadhi ya zilizobaki zinaishia madampo, zikichomwa na vijana wanaotafuta shaba, moshi wake tukiuvuta sisi.

Turudi kwa dada yetu wa steshenari. Tuseme kapima, kakuta "available" MB 150 na Swap inapanda. Hana haja ya kununua chochote usiku ule. Anafunga kurasa zote isipokuwa ile ya maombi, anaweka kizuia matangazo, anampigia fundi amwekee zram, na asubuhi foleni inasogea. Msimu ukiisha na pesa ikiingia, ndipo anapanga SSD, na baadaye RAM.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla ya kumtukana fundi au kumnunia mzee kwa ajili ya laptopu mpya, fungua kile kidirisha cheusi, andika free -h, kisha top, na usome namba mbili tatu. Jumatatu ukienda kwa fundi nenda na majibu mkononi, utaona atakavyokuheshimu.